Kilichotiwa Kwenye Unga wa Gome

Mtaani walimwita Mama Kinu, na jina hilo hakulitafuta. Lilimfuata tu, kwa sababu kila siku isiyo ya mvua kinu kililia nyuma ya nyumba yake tangu watoto wa shule wanapopita kwenda mpaka wanapopita kurudi. Jirani wa ukuta wa pili alikuwa akisema yeye hana haja ya saa, mchi ule unamtosha. Mama Kinu alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitatu, mnene wa mikono na mwembamba kwingine kote, mtu wa maneno machache na sauti ya chini. Alikuwa mtu mwema. Nalisema hilo mapema, maana nitakayosimulia yatakutia shaka, na mimi sipendi mtu ahukumiwe akiwa bado mlangoni.

Kilichopondwa kwenye kinu kile kilikuwa gome la mti. Mti wenyewe una majina mengi kuliko tapeli. Kila mteja anakuja na jina lake, na nyumbani pale walikwisha amua kuuita mti basi, na gome lake gome. Lina rangi ya kutu, ukilionja linakukausha ulimi, na lina kazi mbili. Likichemshwa, maji yake hunywewa na kukandiwa viungo vinavyouma: magoti, viuno, mabega ya wabeba mizigo. Likipondwa mpaka likawa laini kama poda, likachanganywa na mafuta, hupakwa kwenye ngozi: visigino vilivyopasuka, vipele, mikono ya wafua nguo iliyoliwa na sabuni, nyuso za wasichana zilizoharibiwa na krimu za kujichubua. La kunywa waliliweka kwenye kopo la kifuniko chekundu, la kupaka kwenye kopo la kifuniko cheupe, na mchezo wa kuchanganya hizo rangi haukuwepo.

Aliyeianza kazi hiyo hakuwa yeye. Alikuwa mama mkwe wake, kikongwe mmoja mfupi mwenye macho makali, ambaye wateja walimwita Bibi Magome. Miaka arobaini Bibi Magome aliponda gome, na katika miaka hiyo alijiwekea sheria ambazo hata mwanawe mwenyewe, mume wa Mama Kinu, Mungu amrehemu, hakuthubutu kuzivunja. Gome hukatwa upande mmoja tu wa shina, upana wa kiganja, na kidonda cha mti hupakwa udongo mbichi. Mti huo haukatwi tena mpaka upone, kwa sababu, alivyosema, mti nao ni mgonjwa wako. Gome hukaushwa kivulini, kamwe si juani. Hupondwa mara tatu, huchekechwa mara tatu, na anayeponda haruhusiwi kuwa na haraka.

Kitu kingine alichojivunia Bibi Magome ni kwamba hajawahi kumeza kidonge cha hospitali tangu azaliwe. Alizaa watoto watano bila kidonge. Aliumwa mgongo, magoti, kichwa, akanywa gome lake. Siku moja aling'olewa meno mawili akakataa hata dawa ya ganzi, akatoka pale na kitambaa mdomoni, machozi yanamtiririka, kichwa juu kama aliyeshinda kesi. Ukimwambia huo ni ukaidi, atakuambia ukaidi ni wa punda, wake yeye ni msimamo.

Sasa mkono wa mtu hauna msimamo. Alipofika miaka sabini na kitu vidole vyake vilianza kukakamaa, vikapinda, na siku moja mchi ukamponyoka ukamwangukia mguuni. Akamwita mkwe wake akamwambia, "Mwanangu, chukua." Hakusema zaidi ya hapo. Binti yake wa kuzaa alikuwepo, fundi cherehani anayeishi mtaa wa pili, lakini kinu hakikupelekwa kwa binti. Kilipewa mkwe. Na wanaojua habari za wakwe na mama wakwe wataelewa heshima iliyokuwemo ndani ya neno hilo moja.

Mama Kinu akaishika kazi kama yai. Alifuata kila kitu: kiganja, udongo, kivuli, mara tatu na mara tatu. Lakini wateja, ah, wateja. Walikuja wakachukua, wakarudi wakasema ni zuri, sio kwamba ni baya, lakini lile la bibi lilikuwa na mkono wake. Dereva mmoja wa lori, mwenye kiuno kibovu na mdomo mbovu zaidi, alirudisha kopo likiwa nusu akasema hili ni chai. Wifi yake, yule fundi cherehani, alionja siku moja akacheka akamuuliza, wifi, hili umeliponda au umelibembeleza? Ulikuwa utani wa mawifi, na utani wa mawifi unaruhusiwa, lakini Mama Kinu aliondoka nao mpaka kitandani.

Na ya wateja na ya wifi angeyameza. Kilichomshinda ni Bibi Magome mwenyewe. Kila asubuhi Mama Kinu alimpelekea kikombe cha maji ya gome, na kila asubuhi kikongwe alionja, akakaa nayo mdomoni, akameza, akasema asante. Asante tu. Halafu akajivuta kutoka kwenye kiti kwa kushikilia meza, magoti yakilia, huku mkwe wake akitazama.

Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu hakusifiwa, naye akatia alichotia.

Alikwenda duka la dawa, si la mtaani kwao bali la mbele kidogo, akasema mgongo unamsumbua. Akapewa vidonge vya maumivu, vidogo, vya rangi ya udongo, karatasi moja ya vidonge kumi. Alirudi navyo akavikalisha juu ya kabati siku mbili nzima, akivizunguka kama paka. Siku ya tatu alikuja mbeba mizigo wa sokoni, mtu mkubwa, aliyepinda kwa maumivu, na Mama Kinu akaona tayari katika macho yake lile neno, kwamba la bibi lilikuwa na mkono wake. Akaingia ndani. Akafunga mlango wa nyuma. Akavitia vidonge vyote kumi kwenye kinu, akaviponda pamoja na unga wa gome, akachekecha mara tatu. Utaona hapo kwamba hata katika uovu hakuacha sheria.

Mbeba mizigo alirudi siku ya tatu amenyooka, anacheka, ameleta na mwenzake. Ikawa moja, ikawa mbili. Dereva wa lori alirudi akachukua makopo mawili na kuomba radhi, jambo ambalo mkewe alisema hajaliona tangu wafunge ndoa. Na kwa kuwa kopo jekundu lilikuwa moja kwa wote, siku moja Mama Kinu alijikuta anachota kutoka kwenye lile lile na kumchemshia mama mkwe wake. Usiniambie alisahau. Hakusahau. Alitaka kuona uso wake.

Akauona. Siku ya pili Bibi Magome alisimama kutoka kwenye kiti bila kushika meza. Siku ya nne alitembea mpaka getini akasimama kuwasalimia wapita njia. Jumamosi yake akamwita bintiye, akamwita jirani wa ukuta wa pili, akawakalisha sebuleni, na mbele yao akamshika mkwe wake mkono.

"Miaka arobaini nimeponda gome, sijawahi kulipata hivi," alisema. "Huyu amenipita. Nawaambia mkiwa mmekaa, amenipita."

Mama Kinu alikimbilia jikoni akalia. Wakamwacha alie, wakasema ni furaha.

Tangu siku hiyo hakupata usingizi wa maana. Nataka uelewe hakuwa jambazi; jambazi hulala. Kila alipofika kwenye vidonge alifunga mlango wa nyuma, akafunga na dirisha, halafu akafunika kinu kwa kitambaa huku anaponda, sijui alikuwa anamficha nani, maana mle ndani alikuwa peke yake na gome. Alinunua vidonge kwenye maduka matatu tofauti, na katika kila duka alikuwa na ugonjwa tofauti. Alipompa mama mkwe wake kikombe aliangalia pembeni. Bibi Magome akidhani ni unyenyekevu, akazidi kumpenda.

Alijaribu kuacha. Mara moja aliponda kopo la gome tupu, akampelekea, na siku ya tano Bibi Magome hakuinuka kitandani. Magoti yalikuwa yamerudi yalikokuwa, na sasa yaliuma kuliko mwanzo, kwa sababu mtu akishaonja nafuu maumivu humrudia kama adui mpya. Akamuuliza mkwe wake kwa upole kama alikuwa anaumwa siku aliyoliponda kopo hili. Upole ule ulimchoma. Mama Kinu akarudia vidonge, na safari hii akaongeza.

Miezi minane ilipita hivyo. Makopo meupe, ya ngozi, hakuyagusa kwa chochote. Ilikuwa gome na mafuta, basi, na visigino vya watu vilipona vyenyewe kama zamani. Alijishikilia kwenye hayo makopo meupe kama mtu anayesema angalau mguu wangu mmoja ni msafi.

Kisha Bibi Magome akaanza kuvimba miguu. Akapauka. Akawa hamalizi chakula, anasema tumbo linawaka moto. Na mtu wa gome tumbo likiwaka anafanya nini? Anaongeza gome. Aliomba kikombe cha mchana, kisha cha jioni. Aliyempelekea vikombe hivyo unamjua. Kila alipochota, akili yake ilimwambia jambo, naye akaiambia akili yake inyamaze, ni uzee tu, wazee huvimba.

Asubuhi moja kikongwe alianguka kwenye mlango wa bafuni akatapika kitu cheusi kama mashapo ya kahawa. Wakampeleka hospitali kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani, kichwa chake kwenye mapaja ya mkwe wake. Njia nzima alikuwa anamwambia mkwe asilie, atakuja kunywa gome lake wakirudi.

Daktari alikuwa dada mmoja kijana mwenye miwani, anayeongea haraka lakini anasikiliza. Alisema mama anavuja damu tumboni, wanamwongezea damu sasa hivi, lakini anataka kujua chanzo. Akauliza kama mama huwa anameza vidonge vya maumivu, vya magoti au vya mgongo, kwa sababu vidonge vile vikitumika kwa muda mrefu hutoboa tumbo la mtu mzima.

Bibi Magome, na dripu mkononi na midomo mikavu, alicheka. Akasema yeye na kidonge hawajuani hata kwa sura. Wifi akaongeza, kwa fahari kabisa, kwamba daktari aulize mtaa mzima. Daktari akamgeukia Mama Kinu.

"Wewe ndiye unayeishi naye?"

"Ndiyo."

"Hakuna dawa yoyote ya maumivu anayotumia? Hata moja?"

"Gome tu," akasema Mama Kinu.

Hapo ndipo ninapomkasirikia, nami nimemvumilia mpaka hapo. Vidonge aliviponda kwa sababu ya uchungu wa kudharauliwa, na uchungu unafahamika. Lakini pale alikuwa ameulizwa wazi, na mwenye kufa alikuwa amelala mbele yake. Mficha uchi hazai, na yeye alificha hata walipokwisha fika kwa mkunga. Maneno yale mawili aliyasema huku anatazama sakafu, akahesabu vigae, akafika kumi na moja.

Daktari akaandika. Akasema basi kama si vidonge, anaogopa kuna uvimbe ndani ya tumbo. Watamtuliza, kisha keshokutwa watampeleka hospitali kubwa aingizwe mpira wenye kamera, na kwa kiasi hiki cha damu huenda akapasuliwa. Kwa sasa asipewe kitu chochote mdomoni kutoka nyumbani. Bibi Magome, aliyekataa hata ganzi ya meno, alisikia neno kupasuliwa akafumba macho. Wifi akaanza kulia kimya kimya.

Kesho yake saa ya kuona wagonjwa Mama Kinu alichelewa, kwa sababu alikaa nje ya wodi kwenye benchi la mbao muda mrefu akijipanga. Alikuwa ameamua kusema. Alikuwa pia ameamua kusema kesho. Yote mawili yalikuwa kichwani mwake kwa wakati mmoja, na lipi lingeshinda sijui, maana alipoingia hakupewa nafasi ya kuchagua.

Wifi alikuwa ameketi kando ya kitanda. Pazia la kati alilivuta ili muuguzi asione. Mapajani alikuwa na chupa ya maji ya moto, kikombe, kijiko, na kopo la kifuniko chekundu.

Alinong'ona, akimkonyeza, kwamba mama ameliomba mwenyewe tangu asubuhi. Kama tumbo limeharibika, dawa yake anaijua mwenyewe kuliko hao watoto wa juzi. Alipita nyumbani akalichukua kwenye rafu. Akachota vijiko viwili, akakoroga. Bibi Magome akajiinua kidogo kwenye mto, mkono wenye vidole vilivyopinda ukanyooshwa.

Mama Kinu alisema daktari amekataza. Wifi akasema daktari amekataza vyakula, hii ni dawa. Mama Kinu akasema basi angoje kidogo ipoe. Wifi akasema imepoa. Kikombe kikaanza kwenda mdomoni, na Mama Kinu akapiga hatua, akajifanya ameteleza, akakigonga kwa kiwiko. Kikaanguka. Maji mekundu yakatapakaa kwenye shuka la hospitali.

"Ah, wifi, na wewe," akasema fundi cherehani, akafuta kwa mtandio wake. Halafu akafungua kopo tena. Akachota vijiko viwili tena.

Alikuwa na muda gani? Muda wa kijiko kugonga kikombe mara nne, tano. Angeweza kuteleza tena, lakini nani huteleza mara mbili mahali pamoja? Alimwona mama mkwe wake anamtazama, anakingojea kikombe kwa macho ya mtoto.

"Usimpe," alisema. "Lina vidonge."

Wifi hakuelewa. Akauliza lina nini.

"Vidonge vya maumivu. Nimevitia mimi. Naviponda na gome, miezi minane sasa."

Niambie wewe ungefanya nini na uso wako wakati huo. Yeye hakujua aupeleke wapi. Alitaka kupiga magoti, lakini nafasi kati ya vitanda ilikuwa ndogo, akabaki ameinama nusu, ameshika chuma cha kitanda, na mgonjwa wa kitanda cha jirani akaacha kutafuna. Wifi alifunika kopo polepole, akalibana vizuri kifuniko chake, akaliweka chini sakafuni mbali na miguu yake. Hakumtukana. Angemtukana ingekuwa afadhali.

Bibi Magome alikuwa bado amenyoosha mkono. Akauangalia mkono huo, akaurudisha chini ya shuka.

Daktari aliitwa, na Mama Kinu akalazimika kusema tena, safari hii kwa utaratibu, kama shahidi: vidonge gani, vingapi kwa kopo, mama anakunywa vikombe vingapi. Akatoa karatasi tupu ya vidonge kutoka kwenye pochi yake, kwa kuwa alikuwa hathubutu kuitupa kwenye pipa la nyumbani. Daktari alivua miwani akajifuta macho. Akasema kwa sauti isiyo na hasira kwamba hili linabadilisha matibabu, wataanza dawa ya vidonda vya tumbo sasa hivi, kamera itapigwa lakini kisu huenda kisihitajike. Akasema amshukuru Mungu. Kisha akauliza swali ambalo Mama Kinu, katika kujipanga kwake kote kwenye benchi, hakuwa amelifikia.

"Na wengine? Ni watu wangapi wanaotumia kopo hili?"

Zilikuwa nyumba ishirini na sita. Alizijua zote kwa mlango. Akazipita zote kwa siku tatu, kwa miguu, mchana, wakati watu wapo. Kila mlango alisema maneno yale yale: msinywe, lina vidonge, nilivitia mimi, mwenye tumbo linalowaka aende hospitali. Kuna waliomfungia mlango. Mke wa fundi seremala alimwita mchawi mbele ya wanawe. Mbeba mizigo wa sokoni, yule wa kwanza, alimwambia kwamba miezi yote hiyo amekuwa akimwombea dua. Msichana mmoja aliyetumia kopo jeupe usoni akaliangalia kopo lake, akauliza na hili je, Mama Kinu akaapa kwamba hilo ni gome tupu, na msichana akalitupa mbele yake. Dereva wa lori ndiye aliyemmaliza. Alimvuta pembeni akamnong'oneza kama anaweza kumpondea kopo moja la mwisho, siri yao. Mama Kinu alisema hapana, akatembea mpaka kwenye kona, akatapika.

Bibi Magome alirudi nyumbani baada ya wiki mbili, bila kupasuliwa, mwepesi kama ungo. Wifi alihamia pale kumuuguza. Mama Kinu alipika, alifua mashuka, alipasha maji, lakini chumbani kwa mgonjwa aliingia wifi. Hakuna aliyepanga hivyo, ilikuwa tu. Kinu kilikuwa kimelazwa ubavuni nyuma ya nyumba, na jirani wa ukuta wa pili sasa alinunua saa.

Siku ya tisa wifi alikwenda kumpelekea mteja gauni. Nyumba ilikuwa kimya, jua la saa nne limeingia hadi katikati ya sebule. Mama Kinu alikuwa jikoni aliposikia anaitwa. Akafuta mikono mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akaingia.

Kikongwe alikuwa amekaa kitandani, miguu chini. Alimwonyesha kiti. Mama Kinu akakaa kwenye ukingo wake.

"Mama, nisa..."

"Ngoja," alisema Bibi Magome. "Sijakuitia hilo. Nataka kukuuliza kitu, na usinidanganye tena."

"Sikudanganyi, Mama."

"Lile langu. La miaka arobaini. Lilikuwa linaponya?"

Kumbe siku zote zile Mama Kinu alidhani amemtilia mama mkwe wake sumu tumboni, na daktari ameitoa. Hakujua kwamba imeingia na mahali pengine, moyoni. Uongo mmoja mdogo ungetosha, na ungekuwa uongo wa huruma. Lakini alikuwa ameahidi sasa hivi, na milango ishirini na sita ilikuwa imeufunza mdomo wake kusema moja tu.

"Ngozi ndiyo, Mama. Ngozi lilikuwa linaponya. Nimeona mikono ya watu kwa macho yangu."

"Sikukuuliza ngozi."

"Maumivu lilikuwa linatuliza. Kidogo. Kuponya... Nilifuata kila kitu ulichonifundisha, Mama. Sikupunguza hata moja. Ndilo lile lile."

"Kwa hiyo walikuwa wananiheshimu tu."

Kikongwe alikuwa anaviangalia vidole vyake. Miaka arobaini watu walikuja pale wakasema bibi nimepona, wakamshika mkono, nao wakarudi makwao wanachechemea.

Geti likagongwa. Mama Kinu akasimama kwa haraka, akishukuru kupata sababu, na Bibi Magome, ambaye tangu awe na nyumba hajawahi kumfungia mtu geti, akamshika nguo.

"Mwambie sipo," alisema. "Yeyote yule."

Getini alikuwa mzee mmoja mwenye fimbo, aliyewahi kuwa fundi wa kupaka rangi, mteja wa zamani sana, wa tangu siku ambazo Mama Kinu alikuwa bado bibi harusi nyumba ile. Mkononi alikuwa na mfuko wa machungwa. Alisema amesikia Bibi ametoka hospitali, hana haja ya dawa wala nini. Mama Kinu alimtazama machoni, akamwambia Bibi hayupo. Mzee akatupa jicho dirishani, akaelewa au hakuelewa, akamkabidhi machungwa, akasema basi wamfikishie salamu. Akaondoka polepole akiegemea fimbo.

Alipoingia tena chumbani Bibi Magome alikuwa amelala chali.

"Ameenda?"

"Ameenda, Mama."

"Alitaka gome?"

"Hapana. Alikuja kukusalimia tu."

Kikongwe akalivuta shuka taratibu kwa vidole vyake vilivyopinda, akajifunika mpaka kichwani, mchana kweupe, na mkwe wake akabaki amesimama pale na mfuko wa machungwa.